Wali wa Daktari Pathrikar

Maji yamefika. Wiki iliyopita tulimwacha Daktari Hemant Pathrikar, mganga mkuu wa hospitali ya serikali hapa Nandurkheda, amesimama kwenye kizimba cha mashahidi, koo limemkauka kwa swali la maneno manne tu. Glasi ya kwanza ameimaliza. Ameomba ya pili, nayo imekwisha. Sasa analitazama jagi.

"Daktari," akasema Wakili Shaila Tamhane, "maji ya mahakama hayaishi, lakini muda wa Mheshimiwa Jaji unaisha. Narudia. Mwili wa marehemu ulipokuwa unapasuliwa, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Karibu."

"Karibu na nini?"

"Karibu na... dirisha."

"Ndani ya dirisha au nje?"

Daktari akajifuta kijasho chembamba. "Nje. Kwa ajili ya mwanga."

Wewe uliyeazima gazeti hili kwa jirani leo, na wiki kumi zote hizi hukuwa nasi, sogea nikusimulie upesi. Bi Yashodabai Kadlag, mjane mwenye ekari nne kando ya mfereji, alikutwa amenyongwa kitandani kwake asubuhi ya kufungua mfungo wa Ekadashi. Anayeshtakiwa ni mke wa mwanawe, Mangal, miaka ishirini na minne, aliyeingia rumande na mimba na sasa ana mtoto anayejua kutembea. Sababu ya kuua, kwa mujibu wa polisi, ni kwamba mama mkwe alizisema vibaya chapati zake. Kwa kipimo hicho, wilaya yetu nzima isingekuwa na mama mkwe hata mmoja aliye hai.

Lakini ushahidi wenyewe ni wali. Daktari aliandika kwamba tumboni mwa marehemu alikuta wali na dengu, havijasagika, na akaapa kuwa mtu huyo alikufa ndani ya saa mbili tangu ale. Siku ya Ekadashi mfungaji hagusi wali. Anaula kesho yake alfajiri, anapofungua. Na alfajiri hiyo wanaume wote wa nyumba walikuwa bado hekaluni wakimwimbia mungu Vithoba, na aliyekuwa jikoni ni Mangal peke yake. Kwa hiyo mzee alikula wali, akanyongwa, na mkono uliokuwepo ni mmoja. Mwendesha mashtaka, Bwana Nerlekar, ameshamwombea binti huyu kamba mara tatu, na kila akiomba hurekebisha tai yake.

Mangal mwenyewe alisema tangu siku ya kwanza kwamba alikwenda kumwamsha mkwewe afungue, akamkuta wa baridi na amekakamaa. Hakuna aliyemsikiliza. Yeye si daktari, na hakuwa nje ya dirisha.

Turudi kizimbani.

"Nani alishika kisu?" akauliza wakili.

"Mtumishi wa mochwari. Chini ya uangalizi wangu."

"Uangalizi wa dirishani."

"Napinga!" Bwana Nerlekar akaruka. "Dada wakili anamdhihaki mtu mwenye miaka ishirini na minane kazini!"

"Basi nimuulize kuhusu hiyo miaka ishirini na minane," akasema Shaila Tamhane, akatoa bunda la karatasi lililofungwa kwa kamba ya katani. "Hizi ni ripoti zako kumi na tisa, daktari, za msimu ule mmoja wa mvua. Nisaidie kusoma. Huyu aligongwa na lori. Tumboni?"

"Wali na dengu."

"Huyu aliyeumwa na nyoka?"

"Wali na dengu."

"Na huyu, mtoto wa miezi mitatu aliyefia majini, bado ananyonya?"

Daktari akaisogeza miwani. Akaitoa. Akaivaa tena.

"Wali na dengu," akasema kwa sauti ya chini.

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata askari wa mlangoni alicheka, na yule huwa hacheki mpaka aone Inspekta amecheka.

Bwana Nerlekar hakubabaika. Akasimama, akarekebisha tai. "Mheshimiwa Jaji, hapa ni Nandurkheda. Watu wa hapa wanakula wali na dengu. Dada wakili alitaka daktari akute nini, keki ya harusi? Mtoto yule ni kosa la mpiga chapa. Lakini marehemu wetu alikuwa anafungua mfungo, na kila nyumba mjini hapa siku hiyo ilipika wali na dengu. Ripoti inasema hivyo, na mantiki inasema hivyo!"

Jaji Ketkar akatikisa kichwa kukubali. Jaji huyu hufunga Ekadashi zote ishirini na nne za mwaka, na habari za wali wa asubuhi ya kufungua hahitaji kufundishwa. Kicheko chote kikageuka kuwa hasara. Nikamwona Mangal kwenye kizimba cha washtakiwa amekishika chuma kwa mikono miwili.

Shaila Tamhane wala hakushtuka. Akaomba mahakama imwite shahidi ambaye polisi hawakumwandika popote.

"Nani huyo?" akauliza Jaji.

"Aliyeshika kisu, Mheshimiwa."

"Yule ni mfagiaji!" Bwana Nerlekar akapaaza sauti.

"Ndivyo daftari la mishahara linavyosema," akajibu wakili. "Amefagia maiti elfu nne."

Jaji akaruhusu.

Akaingia Sakharam, mzee mwembamba, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu. Alisita kupanda kizimbani, kwa kuwa daktari alikuwa bado anashuka, na kwa miaka ishirini na miwili hawajawahi kukaribiana hivyo.

Bwana Nerlekar hakungoja zamu yake. "Sakharam, unakunywa pombe?"

"Nakunywa, saheb. Siku za kupasua. Daktari naye angekuwa anakaribia, angekunywa."

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Na wewe ndiye unakuja hapa kumsahihisha daktari?"

"Simsahihishi mimi. Aliniuliza kutoka dirishani, 'Tumboni kuna nini?' Nikamwambia, 'Kuna chakula, saheb.' Akaandika."

Shaila Tamhane akasogea. "Kilikuwa chakula gani, mzee wangu?"

"Hakuniuliza, dada."

"Mimi nakuuliza."

"Bhagar. Na njugu za kuponda."

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Yesu na Maria," kisha akakumbuka kuwa yeye si Mkristo.

Bhagar, msomaji, ni ile nafaka nyeupe ndogo kuliko mchele, ambayo mfungaji anaruhusiwa kuila. Inaliwa na mchuzi wa njugu siku yenyewe ya mfungo. Ukisimama nje ya dirisha na leso puani, inafanana kabisa na wali, na njugu zake zinafanana kabisa na dengu. Lakini hakuna nyumba inayopika bhagar asubuhi ya kufungua. Asubuhi hiyo watu wameichoka.

"Kumbukumbu nzuri sana!" Bwana Nerlekar akapiga makofi mawili ya kebehi. "Maiti elfu nne, miaka miwili imepita, na mlevi anakumbuka punje!"

"Nakumbuka kwa kuwa mke wangu alinifungia bhagar hiyohiyo kwenye kitambaa, iliyobaki ya jana yake," akasema Sakharam. "Nilikuwa nimeiweka dirishani, karibu na kiwiko cha daktari. Nilipofungua tumbo la yule mama nikaona chakula changu. Sikula siku ile, saheb. Na mpaka leo siili."

"Maneno matupu! Ushahidi uko wapi?"

"Si kwenye chupa?"

"Chupa gani?"

"Ya tumbo. Nilitia tumbo na vilivyomo ndani ya chupa ya maji ya chumvi, ikapigwa lakiri, wakasema inakwenda maabara ya mkoa kutazamwa sumu. Kwani haikwenda?"

Macho yote yakahamia kwa Inspekta, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi na kifungo cha mfuko wake.

"Inspekta," akasema Jaji, "chupa ilikwenda maabara?"

"Ilikuwa inaandaliwa kwenda, Mheshimiwa."

"Tangu lini?"

"Tangu... siku ileile."

Ikafichuka kwamba barua ya kuisindikiza chupa ilihitaji sahihi ya daktari. Daktari alitaka kwanza fomu yenye muhuri wa polisi. Polisi walitaka kwanza sahihi ya daktari. Kwa miaka miwili barua hiyo imekwenda na kurudi kati ya ofisi mbili zinazotazamana ng'ambo ya barabara, na mwanamke akawa anasubiri kunyongwa.

"Iko wapi sasa?"

"Stoo ya vielelezo, Mheshimiwa. Chini ya baiskeli za wizi."

"Naitaka hapa saa nane mchana," akasema Jaji. "Bila baiskeli."

Mapumziko. Nikatoka kunywa chai, nikakaa karibu na benchi la baraza ambako Mangal huruhusiwa kula, askari wa kike pembeni. Mumewe, Baban, alikuwa ameshafika na kopo lake la chakula la ghorofa tatu. Hajakosa siku hata moja, huyu Baban. Kila kesi ikitajwa, kopo lipo. Wanawake wa mjini wamemfanya mfano wa kuwasutia waume zao, na mimi mwenyewe nimeshasutwa mara mbili.

"Kula, Mangal."

"Nakula. Umesikia lakini? Umesikia alivyosema yule mzee?"

"Nimesikia." Baban alikuwa anambembeleza binti yao, Mukta, magotini. "Hiyo chupa kweli itakuwa nzima? Miaka miwili?"

"Itakuwa nzima. Lazima iwe nzima, Baban. Mimi nikisikia jina la kamba usiku silali, nawaza nani atamsuka huyu nywele."

"Usiseme hivyo."

Mtoto akakinyakua kifuniko cha kopo, akaanza kukipiga kwa viganja, bila mpango, pa, papa, pa. Mangal akacheka. Mimi sikuwahi kumsikia akicheka tangu kesi ianze.

"Mtazame! Mpiga ngoma kama baba yake. Tena kama baba yake jioni ile ya Ekadashi, ulivyokuwa unakosea kosea. Sisi tuko uani kwa wanawake pale hekaluni, hatuwaoni, tunamenya njugu, ngoma inakwenda kama kilema. Wenzangu wakanitania, mumeo leo njaa imemshika!"

Baban akamwondolea mtoto kifuniko.

"Njaa," akasema. "Ndiyo. Kula, chakula kinapoa."

Saa nane na robo chupa ikaingia, imebebwa na konstebo aliyeinyoosha mikono mbali na pua yake. Lakiri nyekundu nzima, karatasi imefifia lakini jina linasomeka. Akaiweka mezani mbele ya karani, na karani akahamisha kiti.

Bwana Nerlekar alikuwa na jipya. "Napinga! Nani ataithibitisha nafaka? Mfagiaji? Mheshimiwa mwenyewe hawezi kuwa shahidi, hata kama anaijua. Tunahitaji mtaalamu, daktari wa serikali!"

"Nakubaliana na mwenzangu kabisa," akasema Shaila Tamhane. "Na bahati nzuri daktari wa serikali tunaye. Daktari Pathrikar, rudi tafadhali. Njoo mezani."

Daktari akaja, akasimama hatua nne.

"Karibu zaidi."

Hatua tatu.

"Daktari, hapa hakuna dirisha."

Ikabidi asogee. Sakharam ndiye aliyevunja lakiri, maana wengine wote walikuwa wametafuta la kufanya, akachota kwa kijiko cha chai cha mahakama, kile cha Jaji, akaweka kidogo kwenye sahani nyeupe chini ya taa. Daktari Pathrikar akatoa leso, akaikunja, kisha, sijui ni nini kilichomwingia, akairudisha mfukoni. Akainama. Akachukua koleo, akageuza punje moja, akaigeuza tena. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minane alikuwa anafanya kazi yake, na ilimchukua dakika mbili.

Alipoinua uso, ulikuwa umesawijika.

"Bhagar," akasema. "Mama yangu huipika. Ni bhagar na njugu. Sikuangalia, Mheshimiwa. Niliandika tu."

"Na zile saa mbili ulizoapa?" wakili akamuwahi. "Kwamba alikufa ndani ya saa mbili tangu ale? Hizo bado zinasimama, au nazo ziliandikwa tu?"

Bwana Nerlekar alifumbua mdomo kupinga, akagundua kwamba saa mbili hizo ni zake mwenyewe, alizipigania miezi sita. Akaufumba.

"Zinasimama," akasema daktari. "Hakijasagika hata kidogo. Amekufa upesi baada ya kula."

"Kwa hiyo hakufa asubuhi ya kufungua. Alifariki jana yake, siku ya Ekadashi. Na aliyemkuta asubuhi wa baridi na amekakamaa alikuwa anasema kweli."

"Alikuwa anasema kweli."

Mangal akakaa chini kizimbani. Askari wa kike, ambaye si kazi yake, akampa kitambaa chake.

Jaji akaandika kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo kila mtu mle ndani alikuwa ameshaanza kujiuliza. "Jioni ile mshtakiwa alikuwa wapi?"

"Hekaluni tangu saa kumi na nusu, Mheshimiwa, na wanawake sitini, mpaka saa tatu. Wote wapo tayari kuapa."

"Na nyumbani alibaki nani na marehemu?"

"Naomba karani atusomee," akasema Shaila Tamhane. "Ushahidi wa shahidi namba moja wa upande wa mashtaka. Bwana Dinkar Kadlag, shemeji wa marehemu."

Mnamkumbuka Dinkar wa sehemu ya tatu, yule aliyelia kizimbani mpaka Jaji akampa mapumziko. Ni yeye aliyetaka ekari nne ziuzwe kwa kiwanda cha sukari, na marehemu akakataa katakata kuweka dole gumba. Polisi walimpenda sana, maana alikuwa na majibu ya kila kitu. Sasa karani akasoma majibu hayo kwa sauti yake ileile ya kusomea ratiba:

"'Nilibaki na shemeji yangu nyumbani tangu saa kumi na moja jioni. Nilimpelekea sahani ya bhagar kwa mikono yangu, akala yote mbele yangu, nikamkanda miguu. Hakuingia mtu mwingine. Saa tatu Mangal aliporudi nikamwambia mlangoni, mama amelala, usimwamshe, kisha nikaenda hekaluni. Alikuwa mzima kabisa. Naapa.'"

Alisema hayo ili aonekane ana huruma. Alitaka shemeji yake awe hai usiku kucha ili kifo kiangukie asubuhi kwa Mangal, na wali wa daktari ukamsaidia. Leo, neno kwa neno, alikuwa amejifungia mwenyewe ndani ya nyumba na maiti.

Ukumbi mzima ukageuka kutazama safu ya pili. Dinkar alikuwepo. Nilidhani atakimbia, na konstebo wawili walidhani hivyo pia, maana walishakwenda mlangoni. Lakini alisimama polepole, kofia yake nyeupe mkononi.

"Sitakwenda peke yangu," akasema.

"Kaa chini!" Inspekta akafoka.

"Sikai! Miaka miwili nameza peke yangu, na mwenzangu analeta chakula mahakamani, anasifiwa na wake za watu! Mimi nilishika miguu tu. Miguu tu, Mheshimiwa! Waulizeni watu wa hekalu. Waulizeni machweo ya siku ile nani alikuwa anapiga ngoma!"

Bwana Nerlekar akauliza ngoma inahusiana vipi na kesi.

Mimi nilikuwa namtazama Mangal. Nilimwona anapokumbuka. Kwanza hakuelewa, kama sisi wengine. Kisha akatazama chini, miguuni kwake, lilipokuwa lile kopo la ghorofa tatu, tupu, amekula akalimaliza. Midomo yake ilikuwa inahesabu mapigo. Ngoma ilikuwa inakosea kwa sababu aliyeipiga hakuwa mpigaji.

Akalisukuma kopo kwa mguu, likabingirika chini ya meza ya karani na kelele kubwa.

"Baban," akasema.

Baban alikuwa safu ya nyuma kabisa, Mukta amemlalia begani. Konstebo wote wawili walikuwa mlango wa mbele, wakimlinda Dinkar asitoroke. Mlango wa nyuma, ule wa barazani, ulikuwa wazi kwa ajili ya joto.

"Baban," Mangal akasema tena, mikono imetoka nje ya chuma. "Nipe mtoto wangu."

Baban akasimama. Akamtazama mkewe, akamtazama mzee Sakharam aliyekuwa bado ameshika kijiko, kisha akamkumbatia mtoto vizuri zaidi, na akapiga hatua moja kurudi nyuma.